Siku Moja kwa Wiki

Kuna swali ninalopenda kuwauliza madaktari wenzangu wanaofundisha. Kati ya kazi zote zilizo mabegani mwako, ni ipi ambayo ukinyang'anywa utahisi umenyang'anywa udaktari wenyewe? Nawauliza popote tunapokutana: tukingoja lifti, tukipanga foleni ya chai, tukiwa tumekwama kwenye gari Ngong Road saa kumi na moja jioni. Jibu huja upesi. Mmoja atataja kliniki yake ya wagonjwa wa figo. Mwingine atataja utafiti, na utasikia sauti inavyopanda. Wengi, kuliko unavyoweza kudhani, husema ni kufundisha kando ya kitanda cha mgonjwa. Halafu nauliza la pili: wiki iliyopita kazi hiyo uliifanya kwa saa ngapi? Hapo mtu huanza kuhesabu vidole, kisha akaacha.

Nimekaa na swali hili muda mrefu, na sasa nina msimamo. Kila daktari anayefundisha katika hospitali zetu kubwa apewe siku moja kwa wiki ya kuifanya ile kazi anayoiona ndiyo yake hasa. Siku hiyo iandikwe kwenye ratiba ya idara, na matunda yake yahesabiwe anapoomba kupandishwa cheo. Najua linavyosikika kwa mtu aliyekesha kwenye kiti akiuguza mama yake wodini kwa sababu wauguzi ni wachache. Wagonjwa wamejaa, na huyu anadai siku. Nivumilie kidogo.

Kwa asiyeijua kazi yetu, daktari wa chuo kikuu si mhadhiri wa kuingia darasani, akamaliza saa zake mbili na kurudi ofisini. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1967. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka shahada ya udaktari katika Afrika Mashariki alielekea Makerere, Kampala. Wanafunzi wakishamaliza masomo ya mwanzo kule Chiromo, wanahamia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na huko ndiko utaona namna kazi ilivyosukwa. Mhadhiri ni mwajiriwa wa chuo, lakini wodini anahesabiwa daktari bingwa wa heshima wa hospitali. Daktari bingwa aliyeajiriwa na hospitali naye anaweza kuwa mhadhiri wa heshima wa chuo. Mmoja yuko chini ya Wizara ya Elimu, mwingine chini ya Wizara ya Afya, na wote wawili wamesimama mbele ya kitanda kimoja, wanafunzi walewale wamewazunguka.

Mimi ninafundisha magonjwa ya watu wazima katika hospitali moja hapa jijini, na si lazima niitaje jina. Wiki yangu ina raundi za wodini, kliniki ya wagonjwa wa nje, na zamu za usiku ambazo simu zake hazilali. Ina wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao ndio kwanza wanashika stethoskopu, madaktari wanagenzi, na rejista wanaosomea ubingwa. Kila rejista ana tasnifu, na kila tasnifu ina msimamizi anayepaswa kuisoma kabla haijaenda kwa kamati ya maadili. Kuna mitihani ya kutunga na kusahihisha, kuna mikutano ya idara, kuna ripoti za kifo ambazo lazima zijadiliwe. Halafu kuna utafiti, ambao mwajiri anautaka lakini kwenye ratiba hauna nafasi yake. Na alasiri, wengi wetu tunavuka barabara kwenda kliniki zetu binafsi Upper Hill, Hurlingham au Parklands, kwa sababu mshahara wa chuo peke yake haulipi karo na nyumba katika jiji hili. Siwalaumu wanaovuka. Nami ni mmoja wao.

Waswahili walisema mshika mawili moja humponyoka, na sisi tumeshikishwa matano au sita. Linaloniuma ni lile linaloponyoka kwanza: kufundisha wodini. Mgonjwa akizidiwa hawezi kungoja. Tarehe ya mwisho ya kuomba ufadhili wa utafiti haisogezwi. Mkuu wa idara akiitisha mkutano, unakwenda. Lakini mwanafunzi anayengoja aonyeshwe jinsi ya kusikiliza moyo hana wa kumlilia. Ukimwambia "kesho", ataitikia "sawa, Daktari", na kesho yake mambo yatakuwa yaleyale.

Niseme hasa kinachopotea, maana mtu asiyekiona anaweza kudhani kitabu au video ya mtandaoni inatosha.

Mwalimu wangu mmoja, ambaye sasa amestaafu, alitusimamisha asubuhi moja mbele ya mzee aliyeletwa kutoka Baringo. Homa ilikuwa haijamwacha kwa miezi, amekonda, ametibiwa malaria mara kadhaa huko alikotoka. Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hatukuzoea kuliona kwa mabingwa. Akamsalimu mzee, akamuuliza kama vijana hawa wanaweza kumgusa tumbo, akangoja ajibu. Kisha akamwita mwenzetu mmoja. Kijana akapeleka mkono moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto, mahali ambapo kitabu kinasema wengu upo. Mwalimu akaushika ule mkono, akaushusha taratibu hadi chini kabisa upande wa kulia, karibu na nyonga. "Anzia hapa," akamwambia. "Wengu ukivimba sana unashuka ukielekea huku. Ukianzia juu, utakuwa umeweka kiganja juu yake na usijue." Kijana akaanza kubonyeza huku na huku. "Usiufuate. Tuliza vidole. Mzee akivuta pumzi, utakujia wenyewe." Tukamwona kijana akinyamaza, halafu uso ukabadilika. Alikuwa ameusikia ukingo wake ukigusa vidole, mbali sana na mahali alipoanza kuutafuta.

Mwalimu hakuishia hapo. Akamgeukia mzee akamuuliza kuhusu mbuzi wake, jioni hukaa wapi akiwachunga, kama kuna vichuguu karibu na boma. Mzee akacheka kidogo, akasema vichuguu vimejaa, na ndipo wachungaji hupumzikia. Sisi hatukuelewa. Tulipotoka kitandani ndipo akatueleza kwamba usubi anayeeneza kala-azar huishi kwenye nyufa za vichuguu, kwamba Baringo ni mojawapo ya maeneo ya ugonjwa huo pamoja na Turkana, Pokot Magharibi na Wajir, na kwamba mtu mwenye homa ndefu, aliyekonda, mwenye wengu mkubwa, asipotibiwa ugonjwa huu utamuua. Kipimo cha damu kilithibitisha. Matibabu yake hapa kwetu ni sindano mbili za dawa tofauti kila siku kwa siku 17, nayo hufanya kazi ikianzwa mapema.

Somo lote halikufika nusu saa. Ndani yake mlikuwa na anatomia, jiografia, adabu ya kumgusa mtu mzima, na namna ya kuuliza swali ambalo mgonjwa analiweza. Kijana yule leo ni daktari bingwa katika kaunti moja ya kaskazini, na naamini mikono yake bado inaanzia chini kulia.

Sasa jaribu kuitafuta ile nusu saa katika karatasi za mwalimu wangu. Haimo. Ngazi katika vyuo vyetu inajulikana: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ili upande, utaulizwa makala ulizochapisha kwenye majarida, wanafunzi wa shahada za juu uliowasimamia hadi wakafuzu, fedha za utafiti ulizoleta, kamati ulizokaa. Ufundishaji nao unaulizwa, lakini kwa hesabu ya mihadhara na kozi, yaani saa za darasani. Mwalimu bora wa wodini na yule anayepita kitandani bila kufungua mdomo wanajaza kisanduku kimoja. Juu ya hayo, kumekuwa na mjadala wa miaka kama shahada ya uzamili ya utabibu, ambayo kwa baadhi ya fani huchukua hadi miaka mitano ya kufanya kazi usiku na mchana, inatosha kumpandisha daktari, au ni lazima arudi kusomea uzamifu. Nimewaona watu wazima wenye vipaji vya kufundisha wakibaki daraja moja mpaka nywele zikaingia mvi, na vijana wakalisoma somo hilo vizuri sana: wodini hapalipi.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini linatutaka kila mwaka tukusanye alama 50 za kujiendeleza kitaaluma ili leseni ihuishwe. Ni utaratibu mzuri. Daktari aliyesoma miaka 20 iliyopita bila kuongeza kitu ni hatari. Ila tazama alama zinakotoka: makongamano, semina, na tangu mwaka 2020 mikutano mingi ya mtandaoni unayoweza kuhudhuria ukiwa jikoni. Karibu zote zinamwendeleza daktari kama mtibabu. Za kumwendeleza kama mwalimu ni chache mno. Tunatoka kwenye mtihani wa ubingwa Ijumaa, tukaajiriwa, na Jumatatu tunakabidhiwa kundi la wanafunzi kana kwamba kujua kutibu na kujua kufundisha ni kitu kimoja. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuingia darasani bila kufunzwa ualimu, lakini sisi tunaoandaa watu watakaoshika roho za wengine tunaingia hivihivi.

Nirudi kwenye siku moja, maana sikuitoa hewani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Tait Shanafelt, uliofanywa miongoni mwa madaktari wa magonjwa ya ndani wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani, wote wakiwa madaktari wa taaluma kama sisi. Waliulizwa ni kazi gani kati ya kutibu, kufundisha, kutafiti na kusimamia iliyo na maana zaidi kwao binafsi, na ni sehemu gani ya muda wao inakwenda huko. Wengi walitaja kuwaona wagonjwa, wengine utafiti, wachache ufundishaji, wachache zaidi utawala. Ajabu ilikuwa kwenye hesabu ya pili. Miongoni mwa waliopata chini ya asilimia 20 ya muda wao kwa kazi waliyoipenda, karibu asilimia 54 walikuwa wamechoka kiasi cha kuishiwa na moyo wa kazi. Miongoni mwa waliopata asilimia 20 au zaidi, waliochoka hivyo walikuwa takriban asilimia 30.

Asilimia 20 ya wiki ya kazi ni siku moja. Hakuna aliyesema daktari apewe wiki nzima ya kufanya anachokipenda. Wakati huo wote mwingine aliendelea na zamu, mikutano na karatasi kama kawaida, na bado siku hiyo moja ilionekana kuambatana na tofauti kubwa namna ile. Mayo si Nairobi, nalijua hilo, na utafiti wa aina ile unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha lipi limezaa lipi. Lakini mimi ninayewaona wenzangu wakijaza fomu za kwenda Uingereza na nchi za Ghuba sihitaji kushawishiwa sana. Wanapoondoka, mshahara ni wa kwanza kutajwa, na ni kweli. Ukikaa nao hadi chai ipoe, hutaja pia kwamba hawajui tena kwa nini walichagua kubaki chuoni.

Mvutano huu una umri mkubwa. William Osler, Mkanada aliyekuwa miongoni mwa maprofesa wa mwanzo wa Johns Hopkins huko Baltimore, anakumbukwa kwa kuwatoa wanafunzi kwenye kumbi za mihadhara na kuwaleta wodini. Mwaka 1913, kwa fedha za Rockefeller, Johns Hopkins iliweka maprofesa wa kudumu waliolipwa mshahara ili wafundishe na kutafiti bila kutegemea ada za wagonjwa binafsi. Osler, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Oxford, alikuwa ameshalipinga wazo hilo. Alihofia kizazi cha maprofesa watakaoijua maabara kuliko mgonjwa. Mtu huyu aliyeandika sana na kuheshimiwa dunia nzima alisema kwamba angeridhika kaburi lake liseme tu kuwa alifundisha wanafunzi wodini. Sisi tumerithi ugomvi ule bila fedha zake: tunatarajiwa kuchapisha kama maprofesa wa kudumu, huku tukiishi kwa ada za wagonjwa binafsi kama kabla ya mwaka 1913.

Nisieleweke kwamba nadharau utafiti. Baadhi ya kazi za fahari kabisa za madaktari wa jiji hili ni za utafiti. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada waliwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani, wakaona kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ingawa walikutana navyo tena na tena. Ugunduzi huo ulichochea safari ya kutafuta chanjo, na Profesa Job Bwayo akaiongoza hapa nyumbani kupitia KAVI, mpango wa Kenya wa kutafuta chanjo ya UKIMWI. Majambazi walimuua mwaka 2007. Kazi haikufa naye. Aliwaacha watu aliowalea, Profesa Omu Anzala akaishika, na KAVI leo ni taasisi ya utafiti ndani ya chuo. Ninapoitazama historia hiyo naona kwamba hata ukuu wa utafiti ulisimama juu ya mtu aliyetumia muda wake kuwakuza wengine.

Hata mipango iliyotusaidia miaka ya karibuni ilifanya hivyohivyo, kununua muda. Serikali ya Marekani ilipofadhili elimu ya udaktari katika vyuo vya Afrika kuanzia mwaka 2010, Nairobi ikiwamo, wahadhiri chipukizi walipata walezi na saa za kuandika. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa kwa pamoja na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha hapa Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, umekuwa ukiwasaidia wafanyakazi wa vyuo vya Afrika kusomea uzamifu. Fedha za nje zikiisha, muda nao hurudi ulikotoka. Siku iliyomo kwenye ratiba ya idara yenyewe haina mfadhili wa kuiondoa.

Rejista wananihangaisha zaidi, kwa sababu wao ndio watakaofundisha sisi tukistaafu. Wapo wanaolipiwa na serikali. Wapo pia wanaojilipia karo, wanaofanya kazi wodini pasipo mshahara na kushika vibarua vya usiku katika hospitali ndogo ili wale. Mtu wa namna hiyo anafika raundi ya asubuhi macho mekundu, na sisi tunamtarajia awafundishe wanafunzi wadogo kwa sababu "ndivyo tulivyofundishwa sisi". Katika mgomo wa siku 100 ulioisha Machi 2017, na tena ule wa siku 56 mwaka 2024, masomo yao yalisimama na hakuna aliyewarudishia siku hizo. Niliwahi kumuuliza rejista mmoja hodari, binti mwenye mikono mitulivu na subira na wagonjwa, kama angependa kubaki afundishe. "Daktari, nawatazama ninyi," akanijibu kwa heshima zote, "na sioni kazi hiyo mnaifanya saa ngapi."

Sasa lile swali la nani atawaona wagonjwa siku hiyo. Katika idara yetu, wawili wetu tumelijaribu kwa makubaliano yetu wenyewe. Mwenzangu anapenda utafiti, mimi napenda wodi. Alhamisi namshikia kliniki yake pamoja na yangu, yeye anakaa na takwimu zake, simu kaizima. Jumanne anashika kliniki zote mbili, nami niko wodini na wanafunzi asubuhi hadi saa saba, bila raundi ya haraka, wagonjwa wawili au watatu tu kwa kina. Kliniki inakuwa nzito kwa anayebaki, sitaficha hilo, na wagonjwa wengine hukawia kurudi nyumbani. Lakini hakuna aliyerudishwa bila kuonwa. Wauguzi wa wodi, ambao mwanzoni walituona wasumbufu, sasa hutuwekea kando mgonjwa wanayeona atafaa kufundishia, baada ya kumwomba ruhusa wao kwanza.

Kilichobaki ni karatasi, na hili wawili hatuwezi kulimaliza. Mkuu wa idara yetu, mtu msikivu, aliniuliza swali halali: mihadhara inahesabika, makala zinahesabika, ufundishaji wa wodini utaupima vipi bila kila mtu kujiandikia sifa? Nilimwandikia jibu la kurasa mbili. Mwenzako wa idara nyingine akae nyuma ya raundi yako mara mbili kwa mwaka na aandike alichokiona. Wanafunzi na rejista waandike bila majina, kila mwisho wa mzunguko. Daktari aweke daftari la masomo aliyoyatoa kitandani, kama rejista wanavyoweka daftari la upasuaji waliofanya na kusainiwa. Na mitihani ya vitendo, ile ya kumpima mgonjwa mbele ya mtahini, itazamwe kwa kundi: ni wanafunzi wa nani wanaojua mkono unaanzia wapi. Kitivo kitaijadili barua hiyo muhula ujao, na nimeombwa nije na mfano wa fomu. Nauandaa sasa, na kisanduku cha kwanza kinauliza jina la mwalimu, wodi, na siku yake.